Mita Tisini hadi Langoni

Jumapili, 10 Machi

Kikao cha familia, saa nane mchana, sebuleni kwetu. Ajenda niliiandika mwenyewe. Jambo moja tu: Julai tulale wapi tukienda bustani ya michezo ya Reuzenhoek.

Niseme kilicho moyoni, maana daftari hili halisomwi na mtu. Mwaka jana tulikwenda ufukweni. Yaani wao walikwenda ufukweni, mimi nilikwenda dirishani. Siku saba na fumbo la maneno! Baridi yabisi imenishika magoti, nyayo na vidole, na kila asubuhi nahitaji saa mbili kamili kabla viungo havijakubali kukunjika. Mita mia moja naziweza. Mia mbili nikiwa na hasira. Zaidi ya hapo, basi.

Mwaka huu siachwi dirishani. Jildou, mjukuu wangu, ana miaka minane na hatimaye amefikia kimo cha kuruhusiwa kupanda Dume Jeusi, ile treni ya mbao inayopanda juu na kuporomoka chini watu wakipiga mayowe. Tuliahidiana tangu ana miaka mitano kwamba mara ya kwanza atapanda na mimi. Si na mtu mwingine. Hasa si na Durk.

Durk ni kaka yake Baukje, mke wangu. Mwalimu mstaafu wa michezo, miaka sitini na sita, magoti kama ya kijana. Kila asubuhi anaendesha baiskeli kilomita arobaini, kisha anapita kwetu kutuarifu.

Mapendekezo yalikuwa matatu. Baukje alitaka hoteli iliyo langoni kabisa, chumba cha chini kilichotengenezwa kwa watu wenye shida ya kutembea. Kitanda kimeinuliwa, bafuni kuna kiti. Akanionyesha picha. Nikaona chooni kamba nyekundu. Ya kuvuta ukianguka! Nikasema sijafika hapo na sitafika. Durk alitaka nyumba ya msituni, kilomita mbili na nusu kutoka langoni, eti hewa safi na sote tutaendesha baiskeli. Alisema "sote" akiniangalia. Shetani huyu.

Mimi nikatoa pendekezo langu: Nyumba ya Bata, kando ya maji. Nimechapisha ramani ya bustani, nimepima kwa rula. Mita tisini hadi langoni! Nimefanya kazi bodi ya maji miaka thelathini na moja, ramani hainidanganyi.

Kura nilizitengeneza mapema. Nynke, binti yetu na mama yake Jildou, nilimwahidi mashine ya kuosha vyombo, na kwamba mimi ndiye nitakayepika jioni tatu. Jildou nilimwahidi bata. Matokeo: tatu kwa mbili. Durk akasema wajumbe wamehongwa, na kwa machungu akachukua biskuti ya pili. Kwetu biskuti ni moja kwa kikombe, kisha bati linafungwa. Yeye akafungua bati mwenyewe! Baukje akamwachia, ni kaka yake.

Jumatatu, 11 Machi

Nimejaza fomu ya kukodi. Swali la kumi na moja: je, kuna mwenzenu yeyote mwenye shida ya kutembea? Hapana. Shida yangu si kutembea, shida yangu ni kufika.

Baukje alisoma juu ya bega langu. Akasema, "Baba Nynke, na ile fomu ya kadi ya walemavu ya gari je? Mwaka wa tatu huu iko kwenye droo." Nikamjibu kwamba kadi ile ni ya watu wanaoihitaji na si vizuri kuwapunguzia nafasi. Akaenda jikoni. Nilisikia droo ikifungwa kwa nguvu.

Jumatatu, 22 Julai

Tumefika. Niandike polepole, maana nina hasira na vidole vimevimba.

Nyumba ni nzuri. Mashine ya vyombo ipo. Bata wapo, wengi, na wanajisaidia barazani. Gari linaruhusiwa kushusha mizigo tu, halafu saa kumi na moja jioni lazima liwe kwenye maegesho ya nje, na halirudi hadi siku ya kuondoka. Humu ndani ni miguu na baiskeli. Mlinzi wa kizuizi aliuliza kama nina kadi ya walemavu, kwani wenye kadi huegesha mlangoni. Baukje akaangalia angani. Nikamwambia mlinzi sina na sihitaji, mimi nalala mita tisini kutoka langoni.

Kisha nikazunguka nyuma ya nyumba kuliona hilo lango. Lipo! Nimeliona kwa macho yangu, bendera zake, hata mwanamke anayekata tiketi na miwani yake.

Kati yake na mimi kuna mtaro. Upana mita sita, umejaa maji hadi pomoni, hauna hata ubao wa kuvukia. Daraja lililo karibu liko upande wa pili wa kijiji hiki cha nyumba za likizo. Kupitia huko ni kilomita moja na nusu.

Nilichukua ramani, nikaitazama tena. Ni ramani ya kuchorwa kwa ajili ya watoto, ina majitu na maua. Jitu moja limekaa hapo hapo, buti lake limefunika mtaro wote. Ramani gani inaficha maji chini ya buti?

Durk alikuja, mikono mfukoni, akasimama pembeni yangu. Hakucheka mara moja, alingoja kwanza nimtazame. "Shemeji," akasema, "miaka thelathini na moja umekagua mitaro ya watu, kila vuli, buti na daftari. Huu umekupitaje?" Ndipo akacheka mpaka akashika mti.

Jildou aliuliza kama kesho tunapanda Dume Jeusi. Nikamwambia bila shaka. Usiku nimelala na hilo neno.

Jumanne, 23 Julai

Mpango wa kwanza: baiskeli ya bokisi, ile yenye sanduku la mbao mbele ambamo wazazi hubeba watoto wadogo na mifuko ya viazi. Inakodishwa ofisini. Nikamweleza Baukje kwamba huu ni usafiri wa kawaida kabisa, mimi naingia bokisini, yeye anakanyaga pedali. Akasema ana miaka sitini na moja. Nikasema hata mimi nina sitini na tatu na silalamiki. Akavaa viatu.

Nimekaa bokisini magoti yakigusa kidevu, kofia ya mvua usoni nisitambulike. Jua kali. Mtoto wa miaka mitatu hivi, naye akiwa bokisini mwake, alitupita akanipungia mkono kama mwenzake. Sikumjibu. Mbele kidogo nikamwona Durk akirudi kutoka mzunguko wake wa asubuhi. Alishuka kwenye baiskeli kwa heshima, akavua kofia kama jeneza linapita!

Darajani ni mlima. Baukje akasimama, jasho linamtiririka, akaniambia, "Shuka, la sivyo nakuacha hapa na bata." Nilishuka. Nikatembea mlima mzima nimeshika ukuta wa daraja, dakika kumi na mbili. Nilimtukana kila mhandisi wa daraja niliyewahi kufanya naye kazi, kwa jina.

Tulifika langoni saa saba mchana. Jildou amesimama tangu saa nne na mama yake. Foleni ya Dume Jeusi: dakika mia moja na kumi, wima. Nilisimama thelathini na tano. Mguu wa kushoto ukakataa. Nikakaa chini palepale kwenye foleni, watu wakaanza kuniruka. Nynke akasema inatosha, baba, tunatoka.

Jildou hakulia. Alisema, "Haya Babu, kesho." Afadhali angelia. Durk, ambaye alikuwa ametukuta, akasema yeye anaweza kupanda naye sasa hivi, nafasi isipotee. Jildou akatikisa kichwa. Nilimpenda mtoto huyo kiasi kwamba niliona aibu kumtazama.

Jumatano, 24 Julai

Mpango wa pili, wa kitaalamu. Ikiwa maji yapo kati, basi yavukwe. Majirani zetu, watu wa Groningen, wana mamba wa mpira wa kujaza upepo, urefu mita mbili. Nilimwazima jana jioni nikisema ni kwa ajili ya mjukuu.

Nilimeza dawa mapema, nikajilazimisha nikunjike kabla ya muda. Saa mbili asubuhi nilikuwa ukingoni na ufagio wa jikoni kama upondo. Wengine walikuwa wakinywa kahawa ndani. Nilipanda mamba vizuri, hilo nataka liandikwe. Nikasukuma. Mita moja, mbili, tatu! Lango mbele, mwanamke wa tiketi mbele, miwani yake ikimeremeta. Mgongo wa mamba ulikuwa baridi lakini mimi nilikuwa kijana.

Katikati ufagio ukanasa topeni. Vidole vyangu asubuhi havishiki, vinaomba tu. Ufagio ukabaki umesimama wenyewe majini, mamba akaendelea kidogo kisha akaacha. Nikawa katikati ya mtaro, sina upondo, nimezungukwa na vile vijani vya kijani vidogo vinavyofunika maji. Bata wakaja kuangalia.

Walinzi wawili wakatokea ukingo wa pili na vikombe vyao vya kahawa. Wakauliza nafanya nini. Nikawaambia nakagua. Nikawaeleza kwamba mtaro huu uko katika hali ya aibu, vijani hivi vilitakiwa kutolewa, kingo zimebomoka, na kwamba enzi zangu mwenye mtaro wa namna hii angepigwa faini na jina lake kusomwa. Walisikiliza vizuri. Kisha wakanivuta kwa ndoano hadi upande nilikotoka! Niliomba wanivute upande wao. Wakasema mgeni hurudishwa alikotoka, ndiyo taratibu.

Wakataka jina la kuandika ripoti. Nikasema Durk Zijlstra, nyumba ya ishirini na saba.

Baukje alinivua nguo zilizolowa. Ananifunga vifungo kila asubuhi miaka minne sasa, na leo alinifunga vya pijama saa tatu asubuhi. Siku nzima nimelala chini ya mablanketi, viungo vyote vinapiga. Nimesikia wakiondoka, nimesikia wakirudi. Jildou hakupanda. Dirisha la nyumba hii linatazama bata.

Alhamisi, 25 Julai

Siku ndefu! Nianze mwanzo.

Saa tatu walinzi wamekuja na barua ya onyo kwa Bwana Durk Zijlstra, kwa kuvuka mtaro juu ya mnyama wa mpira. Tulikuwa wote mezani. Durk aliisoma, akanigeukia, akaisoma tena kwa sauti. Nikapaka mkate siagi. Nilitegemea atakasirika. Badala yake akaona ametukanwa kwa upande mwingine kabisa: kwamba mtu aamini yeye, mshindi wa tatu wa jimbo letu zima la Friesland mwaka 1979 katika kuruka mitaro kwa mti mrefu, angeweza kuvuka mita sita juu ya mamba! Mita sita! Enzi zake mita sita waliruka mabibi harusi!

Walinzi wakasema wanasikitika. Durk akasema hapana, hawajamwelewa, watamwelewa sasa hivi. Akang'oa mlingoti wa bendera uliokuwa barazani. Baukje akamwambia, "Kaka, una miaka sitini na sita." Mimi nikamwambia kwamba sidhani kama anaweza. Nakiri nilisema. Nilisema mara mbili.

Alikimbia vizuri. Aliuchomeka mlingoti katikati, akapaa, na kwa muda mfupi alikuwa juu ya mtaro miguu imenyooka, na nikamwonea wivu kwa moyo wangu wote. Halafu mlingoti ukazama topeni taratibu, yeye akiwa juu yake. Ukainama kushoto. Durk akaanguka ukingoni kwa mguu mmoja, na tukasikia kifundo.

Nilimsikitikia kweli. Dakika moja.

Bustani ikamletea kiti cha magurudumu, bure, na msukumaji. Tena akapewa utepe wa mkononi: mwenye kiti haingii foleni, anapitia mlango wa pembeni wa kila mchezo, pamoja na mwenzake mmoja. Wakamzungusha hadi langoni kwa kigari cha umeme. Dakika nne! Nilisimama nyuma ya nyumba nikamwona ng'ambo anapita mbele ya yule mwanamke wa tiketi, mguu umewekwa mbele juu ya mto, anapunga mkono. Mkono wa kifalme. Siku moja tu kaumia. Mimi nina miaka sita ya ugonjwa na nimepewa mamba.

Nikaingia ndani. Nikakaa dirishani. Hiyo ndiyo hali yenyewe, sina cha kuongeza.

Saa tisa mlango ukafunguliwa. Jildou, na nyuma yake Baukje akisukuma kiti cha pili. Jildou alikuwa ametembea kilomita moja na nusu kunifuata. Akasema Durk amemwambia wapande wote Dume Jeusi kupitia mlango wa pembeni, naye amekataa. Nikamwuliza kwa nini amekataa, angepanda, sisi tungepanda mwakani. Akasimama mbele yangu mikono kiunoni, bibi yake kabisa.

"Babu, tangu Jumatatu nakungoja. Kesho tunaondoka. Kiti kina shida gani? Kikikuuma niambie, nikuletee mto."

Nilitafuta jibu kwenye kona zote za kichwa nikapata moja tu, kwamba watu wataniona. Sikulisema, kwa sababu lilikuwa jibu la kijinga na yeye ana miaka minane tu. Niliona aibu, na haikuwa ya kiti. Ilikuwa ya kumsimamisha mtoto siku nne kwa sababu ya mita tisini zangu.

Nikakaa. Nikamwambia Baukje kwamba nakaa kwa hiari yangu na kwa muda. Akasema, "Kaa tu, baba Nynke, kila mtu ameshajua."

Langoni tukamkuta Durk anakula aiskrimu kitini mwake, Nynke akimsukuma. Akasema karibu chamani, shemeji. Nikamwambia atanikuta mlango wa pembeni. Akasema tuone. Tulishindana kuanzia kwenye duka la vitafunio hadi Dume Jeusi, Baukje kwangu, Nynke kwake, watu wakikimbilia pembeni, sisi wawili tukipiga kelele kama wendawazimu. Nilishinda kwa gurudumu moja. Durk anadai Nynke alikuwa na mzigo mzito zaidi. Nimeiandika hapa ili ibaki: nilishinda.

Pale mlangoni kuna ubao wa onyo. Usipande kama una ugonjwa wa moyo, mgongo, shingo, au ni mjamzito. Nilisoma kila neno. Sina hata kimoja! Magoti hayakutajwa. Baukje akasoma naye, akapumua, akanibusu kwenye kofia.

Mlango wa pembeni, bila foleni. Mimi na Jildou, kiti cha mbele kabisa. Akanishika mkono, kwa vidole viwili tu, polepole, kwa sababu anajua vinauma. Treni ikapanda, tik tik tik. Akaniambia anaogopa. Nikamwambia hata mimi. Juu kabisa nikaiona Nyumba ya Bata, mtaro, na ufagio wangu bado umesimama majini. Halafu tukaporomoka.

Nililia kwa sauti, nilicheka kwa sauti, sijui kipi kilitangulia. Wana picha wanayopiga wakati wa kushuka. Jildou mdomo wazi. Mimi mikono yote miwili juu. Mikono hii, ambayo asubuhi haifiki kwenye kola ya shati langu, ilikuwa juu kabisa!

Tulipanda mara tatu.

Ijumaa, 26 Julai

Naandika kwa ngumi, kalamu imefungwa na utepe. Kila kiungo kimeleta malalamiko yake. Sijutii hata kimoja.

Usafi wa kuondoka: mapazia, sakafu, jiko, kama taratibu zinavyotaka, shuka zetu wenyewe tumezirudisha mifukoni. Durk na mimi tuliosha vijiko tukiwa tumekaa. Akaniuliza tena kuhusu ile barua ya walinzi. Nikamwambia majina ya Friesland yanafanana sana. Akasema Terpstra langu na Zijlstra lake hayafanani hata ukiwa umelewa, kisha akaniomba nimpe kitambaa kikavu.

Garini Baukje aliuliza, taratibu, kama sasa nitajaza ile fomu ya kadi. Akasema kwa kiti na kwa kadi tungepanda tangu Jumanne. Nikamweleza kwamba kiti nilikitumia kumsindikiza Durk tu, asijisikie vibaya peke yake. Mtu akiwa na moyo hufanya hivyo. Akaendesha kilomita themanini macho barabarani. Redio hakuwasha.

Jumapili, 28 Julai

Nimewaza sana juu ya Baukje. Alinibeba bokisini kwenye jua. Alinivua matope. Alinisukuma mbio kuliko Nynke, ambaye ana miaka thelathini na nne. Septemba tunatimiza miaka arobaini ya ndoa, na siku zote amesema ana hamu ya kulala mahali ambapo anaona bahari pande zote. Anastahili. Sikutaka kikao, sikutaka ajenda, sikutaka Durk na biskuti zake. Nimechagua mwenyewe, asubuhi hii, yeye akiwa bustanini.

Ni mnara wa taa wa zamani, pwani ya kaskazini. Una chumba kimoja tu, cha juu kabisa, penye ile taa, madirisha mzunguko mzima! Ni siri hadi siku yenyewe. Nimeshalipa, na hela hairudishwi, ndiyo maana ilikuwa nafuu.

Mwenye nyumba aliuliza kwa simu kama kuna yeyote kati yetu mwenye shida ya miguu. Nikamwambia ukweli: yupo shemeji yangu, kaumia kifundo, lakini yeye hatuji naye. Akataka kuendelea kunieleza jambo fulani kuhusu kupanda. Nikamshukuru, nikakata simu, kwa sababu Baukje alikuwa anaingia.

Wala hamna cha kuelezwa. Picha zote kumi na nne nimezitazama moja moja, kwa miwani, na hakuna hata moja yenye ngazi.